Kuitoa ndege kuukuu Mombasa hadi Nairobi kwa barabara: mwongozo kamili wa kuifungua, kuipakia na kuifikisha salama

Ndege ya mbao na kitambaa inaweza kukaa godauni miaka ishirini, ikajaa vumbi na kinyesi cha popo, isivunjike. Ikaja kuvunjika asubuhi ya kuhamishwa, mikononi mwa watu wanane wenye nia njema, kwa kuwa mmoja wao ameshika pasipo pake. Niliwahi kusimama kando ya bawa la chini nikasikia ubavu, kijiti kinacholipa bawa umbo, ukikatika ndani ya kitambaa. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama njiti ya kiberiti. Aliyelishika hakujua hata kama kuna kitu kimevunjika; alikuwa ameliinua kwa ukingo wa nyuma, jinsi mtu anavyoinua godoro.

Ndiyo maana kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: pa kushika ni wapi? Ndege ina nguvu pale tu aliyeiunda alipokusudia ibebe mzigo. Kwingine kote ni ngozi.

Mfano wangu ni de Havilland Tiger Moth, ile ya mabawa mawili-mawili iliyoruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931 na kufundishia marubani wengi wa Vita Vikuu vya Pili. Ina urefu wa mita 7.29, na mabawa yake ni mita 8.94 kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 500 hivi, chini ya gari dogo la kawaida. Kiwiliwili chake ni mabomba ya chuma, mabawa ni ya mbao, na vyote vimevikwa kitambaa kilichopakwa dopu, aina ya vanishi inayokikaza. Kama yako ni Auster au Piper Cub vipimo vitabadilika, lakini utaratibu ni huu huu.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Usifungue hata nati moja kabla hujawa na fundi wa ndege mwenye leseni atakayesimamia. Ndege hii ikitengenezwa iruke tena, kuna mtu atakayetia sahihi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, na mtu huyo hawezi kutia sahihi kwa kazi asiyoiona. Mwite Mombasa mapema, hata kama nauli na malazi yake ni juu yako.

Kusanya hati ya mauziano, cheti cha usajili (cha sasa kikianza na 5Y, au cha zamani cha enzi ya ukoloni chenye VP-K) na vitabu vya kumbukumbu za ndege, injini na rafadha (panga la mbele linalozunguka). Piga picha kibati chenye namba ya ndege kikiwa bado mahali pake. Vitabu hivyo visipande lori. Beba mwenyewe, mkononi. Ndege isiyo na vitabu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na safari ya kumridhisha mkaguzi huwa ndefu mara mbili.

Bima ya kawaida ya mzigo wa lori mara nyingi haitoshi. Mweleze wakala kwa maandishi kwamba mzigo ni ndege iliyofunguliwa, na uulize kama kupakia na kupakua vimo, maana hapo ndipo ajali zilipo. Ukipanga mzigo usizidi upana wa lori hutahitaji kibali cha pekee. Ukizidi vipimo vya kisheria, kibali hutolewa na Mamlaka ya Barabara Kuu, na hapo tarehe ya safari haiko mikononi mwako tena. Mimi husema fungua kipande kimoja zaidi kuliko kuomba kibali.

Nakala za karatasi hizo ziwe kwenye faili ndani ya kichwa cha lori. Askari wa kizuizini atauliza. Ndege juu ya lori si kitu anachokiona kila siku, na ana haki ya kujua imetoka wapi.

Chagua majira

Epuka masika. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei mvua za pwani hazina adabu, na kitambaa kilichozeeka kikilowa hulegea, kisha hukauka kikiwa kimevuta mbavu vibaya. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni chache, ndiyo miezi ninayoipenda. Julai hadi Septemba nayo inafaa.

Kuifungua

Anza na hatari ya moto. Toa petroli yote kwenye tangi lililo juu, katikati ya mabawa ya juu, kisha uliache wazi penye upepo. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tangi lililojaa. Dopu ya zamani nayo hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo asiwepo mwenye sigara wala anayechomelea chuma karibu. Weka mitungi ya kuzimia moto miwili, na uwaonyeshe watu jinsi ya kuitumia.

Halafu injini. Ya Tiger Moth ni Gipsy Major, nayo ina silinda nne zilizopinduliwa, vichwa chini, na oili hujikusanya humo ndege ikikaa muda mrefu. Usiizungushe rafadha kwa nguvu kabla ya kutoa plagi zote nane. Silinda iliyojaa oili inaweza kupinda chuma ndani. Tena kumbuka hili, maana limekata watu mikono: magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche, huzimwa kwa waya unaokwenda kwenye swichi. Ukiutoa waya huo, magneto imewaka, hata kama swichi inasema imezimwa. Toa plagi kwanza, waya baadaye.

Rafadha ikitoka, ivike blanketi na uilaze. Ukiisimamisha wima wiki kadhaa kwenye hewa ya pwani, unyevu wa mbao hushukia upande mmoja na mizani yake huharibika.

Sasa kabla ya kugusa mabawa, pima. Weka kiwiliwili sawasawa kwa pimamaji, kisha andika mwinamo wa kila bawa, umbali kati ya bawa la juu na la chini, na bawa la juu limetangulia mbele kwa kiasi gani. Kwa kila waya bapa wa kukazia, hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana juu na chini, uandike. Kazi hii inachukua siku nzima na inachosha, lakini itakupunguzia wiki nzima ya kubahatisha siku ya kuiunga.

Ndege ikiwa ardhini, mabawa hubebwa na nyaya zinazotoka juu kwenye kiwiliwili kwenda chini nje. Zile nyingine, zinazotoka chini kwenda juu, kazi yake ni kuyazuia mabawa yasipande yakiwa angani. Basi legeza kwanza hizi za angani. Zile zinazobeba usiziguse mpaka kila bawa lina mtu au stendi chini ya ncha yake, penye mhimili, ile boriti ya ndani inayobeba bawa. Ukikosea mpango huo bawa linaanguka lote, na mbao ya shinani, pale bawa linapoungana na kiwiliwili, hupasuka kwa urefu.

Tiger Moth ina neema moja: bawa la juu na la chini la upande mmoja yanaweza kutoka pamoja kama jozi, mkitia nguzo ya muda kwenye shina ili yasijikunje. Yakiwa hivyo ni mepesi, watu wanne wanatosha. Lakini kwa safari ndefu mimi huyatenganisha hatimaye. Jozi huchukua nafasi kubwa, na nyaya zake hugonga kitambaa njia nzima. Eleroni, vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoiinamisha ndege kushoto au kulia, ziko kwenye mabawa ya chini tu. Zitoe zisafiri kivyake, pamoja na usukani wa mkia, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua) na mkia wenyewe.

Bolti iliyoshika kutu isipigwe nyundo. Ipe mafuta ya kulegeza kutu jioni, tena asubuhi, tena jioni. Nimeingojea bolti moja siku tatu. Ya nne ilitoka kwa kusukumwa na kidole gumba, na tundu la mbao nyuma yake lilikuwa zima kabisa.

Kila kipande kinachotoka kiingie mfuko wake wa kitambaa, kiwe na kibandiko chenye maneno, siyo namba tupu: "bolti ya mbele, bawa la chini, kushoto, upande wa juu, washa mbili". Kushoto ni kushoto kwa rubani aliyekaa. Mkubaliane hilo siku ya kwanza, maana fundi aliyesimama mbele ya ndege huona kinyume. Washa nyembamba, vile vipete vya chuma vya kujazia chini ya nati, ndizo zinazopotea, nazo ndizo zilizoweka mwinamo sawa. Zifunge kwa waya kwenye bolti yake. Pini za kufungia nati zitupe, mpya ni za bei ndogo.

Saa na vipimo vya zamani ambavyo mishale yake iling'aa gizani vilipakwa rangi yenye radiamu, na radiamu haiishi kwa sababu mng'ao umekwisha. Usifungue kioo, usikwangue. Vaa glavu, tia kila kimoja mfuko wa plastiki uliozibwa, kisha kisanduku, na kisanduku hicho kisikae chumba cha kulala mtu.

Vitanda vya mabawa

Hapa usibane pesa. Tafuta seremala mzuri, na Mombasa tuna bahati ya kuwa na watu waliokulia kwenye majahazi. Mzee mmoja niliyemwita kunichongea vitanda alipitisha ukucha juu ya ubavu uliokuwa wazi, akachukua unga uliobaki kwenye ukucha akaunusa. "Mwanangu," akaniambia, "mti mzima. Gundi ndiyo iliyokufa." Alikuwa amesema kweli. Ndege nyingi za zama zile ziliungwa kwa gundi ya kaseini, inayotokana na maziwa, na joto la pwani likichanganyika na unyevu, gundi hiyo huota ukungu mpaka ikawa chokaa. Taruma, yaani mbavu za jahazi, zikilegea yeye hujua kwa kugonga na kusikiliza, na alizigonga mbavu zangu vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, akitia alama ya penseli kila palipolia vibaya. Bawa lenye alama nyingi tulilichukua kama maiti: lilisafiri limelazwa juu ya ubao mzima, bila kubebeshwa hata uzito wake.

Bawa zima husafiri limesimama juu ya ukingo wake wa mbele, ndipo penye umbo gumu. Kitanda kinashika sehemu mbili: shinani, kwa pini zinazoingia kwenye vyuma vile vile vya mihimili vilivyoliunga na ndege, na kwenye thuluthi mbili kuelekea nchani, kwa mshipi mpana wa turubai unaoning'inia kama bembea. Chini ya mshipi tia mto wa sufi. Sponji ya dukani nayo inafaa, ila kwenye jua hubonyea na kubaki imebonyea. Mshipi ukae chini ya ubavu, kamwe usiwe kati ya mbavu mbili. Kama kuna mapezi ya mbele yanayojifungua yenyewe kwenye bawa la juu, yafunge yasitembee, na mshipi usiyakalie.

Baina ya bawa na bawa acha nafasi ya kupitisha mkono wako umekunja ngumi. Kama ngumi haipiti, yatagusana njiani, mkifika Mackinnon Road.

Lori

Watu hukimbilia trela kubwa kwa kudhani ukubwa ni usalama. Fikiria springi zake. Zimetengenezwa kubeba tani ishirini na kitu, nawe unazipa nusu tani. Hazitalala hata kidogo, na kila tuta litapanda moja kwa moja hadi kwenye mbao yako. Trela tupu hurukaruka. Tafuta lori lenye springi za hewa. Ukikosa, chukua lori la wastani lenye bodi ndefu iliyofunikwa, na upakie mifuko ya mchanga sakafuni juu ya ekseli za nyuma, tani mbili au tatu, imefungwa isitambae. Springi zikilala kidogo, safari yote inabadilika.

Wazi au kufunikwa? Kufunikwa. Tiger Moth iliundwa kuacha ardhi kwa mwendo ambao lori hufikia kwenye barabara kuu bila shida, na ukiongeza upepo wa mbele na mkupuo wa basi linalopishana nawe, bawa lililolazwa juu ya lori wazi litataka kupaa. Halijui kwamba liko juu ya lori. Kontena la futi 40 linatosha kwa urefu na upana, ndani ni kama mita 12 kwa 2.35, lakini likianikwa juani ndani huwa tanuri na usiku hutoa jasho. Ukilitumia, lisikae na mzigo zaidi ya siku moja, na milango ifunguliwe kila mnapopumzika.

Kiwiliwili kipandishwe lori kwa magurudumu yake. Pakilia kwenye godauni lenye jukwaa lililo sawa na sakafu ya lori, yapo mengi Shimanzi na Changamwe, msukume taratibu bila kuinua. Kusukuma ni kwa kushika miguu ya ndege na vyuma vya shina la mabawa. Mkia unyanyuliwe na mtu mmoja aliyeshika bomba la chini, siyo kitambaa.

Kufunga: mikanda ishike miguu ya ndege karibu na ekseli, mbele na nyuma, kwa msalaba. Kigingi cha mkia, kinachoburura ardhini, kikae kwenye sanduku lililojazwa mchanga au mito na kufungwa sakafuni. Mkanda usipite juu ya kiwiliwili. Magurudumu yawekewe vizuizi vya mbao vilivyopigwa misumari. Injini, kama mabomba yanayoishika yameliwa na kutu, isafiri peke yake kwenye stendi, mbele ya lori, imefungwa kwa minyororo. Chumvi ya bahari hula mabomba kutoka ndani, kwa hiyo rangi nzuri ya nje isikudanganye, gonga.

Waambie makuli kabla hawajaanza, kwa upole, na uwaonyeshe kwa mkono: hapa shika, hapa usiguse. Sisi hubandika utepe mwekundu pasipoguswa na wa kijani pa kushika. Lipa kwa siku, usilipe kwa mzigo. Anayelipwa kwa mzigo ana haraka, na haraka hiyo umeinunua wewe.

Njiani

Kama ndege inatoka Ukunda au Diani, usiipitishe feri ya Likoni. Mteremko wa kuingilia, msongamano na magari yanayosukumana si mahali pake. Pita barabara ya Dongo Kundu, madaraja ya Mteza na Mwache, utokee upande wa Miritini.

Ondokeni saa kumi alfajiri. Ahadi na dereva ni mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na polepole zaidi kwenye matuta. Mlipe siku mbili ili asiwe na sababu ya kukimbia. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Utingo wake awe mtu uliyemfundisha kukaza mikanda.

Simameni mara ya kwanza Mazeras, hata kama ni karibu. Mikanda yote hulegea katika kilomita za mwanzo, mzigo unapojikalisha. Simameni tena baada ya mizani ya Mariakani. Kutoka Samburu kupita Taru nchi ni wazi na upepo unapiga ubavuni. Mara moja, tukiwa na lori la turubai, kona ya turubai ilifunguka huko na ikachapa eleroni iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa. Tangu siku hiyo turubai langu hufungwa kwa kamba ya pili, ndani kwa ndani, na eleroni zina sanduku lake. Mackinnon Road madereva wengi husimama msikitini kwenye kaburi la Seyyid Baghali Shah. Nanyi simameni, wapeni watu maji, mkague.

Voi mtapita mchana. Hapo ndipo Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani, alipoanguka na kufa tarehe 14 Mei 1931 na Gipsy Moth yake, dada mkubwa wa ndege mliyoibeba. Mimi huwa nanyamaza kidogo.

Lengeni kulala Mtito Andei, nusu ya njia, lori likiwa penye ulinzi na taa. Kati ya Manyani na Mtito usiku kuna tembo barabarani na malori yasiyo na taa za nyuma. Hakuna ratiba inayostahili hatari hiyo.

Siku ya pili ni Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, mizani ya Athi River. Mkikaribia Nairobi shikeni Southern Bypass, mtokee upande wa Lang'ata hadi uwanja wa Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929.

Mkifika

Mmetoka usawa wa bahari mkapanda hadi mita 1,690 hivi, kutoka hewa ya majimaji hadi hewa kavu. Mbao itanywea. Bolti zilizokuwa zimebana zitacheza, na kitambaa kinaweza kukaza au kupasuka penye mshono mkongwe. Pakueni kwa mpango ule ule wa utepe wa kijani, mabawa yabaki kwenye vitanda vyake, kivulini, wiki mbili bila kuungwa. Injini irudishiwe oili ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, ndani ya kila silinda, na plagi zirudi.

Kisha keti na fundi wenu mezani, mifuko yote mbele yenu na daftari la Mombasa likiwa wazi, mhesabu kimoja baada ya kingine mpaka washa ya mwisho. Kilichopungua kitafutwe kwenye lori kabla dereva hajageuza kurudi pwani. Mara nyingi kiko kwenye ufa wa sakafu, chini ya mifuko ya mchanga.